Mwenzangu Katafsiriwa Tena

Kijerumani nilikivumilia. Kilipokuja Kifaransa nikajisemea, haya, Wafaransa nao ni watu, wacheke. Kireno hakikunisumbua sana, maana kichwani mwangu Kireno kinaishia Msumbiji. Lakini siku niliyosikia kwamba mwenzangu anatafsiriwa kwa Kibemba, na kwamba wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, wakimwona barabarani wanamwamkia "mulishani" huku wameshaanza kucheka, nilifika nyumbani nikakuta nyanya nilizonunua nimezibinya zote ndani ya mfuko.

Niseme mapema, nisije nikaonekana nazungukazunguka: nina wivu. Wengine huliita jambo hili ushindani, wengine huita kujituma. Mimi langu ni wivu, ule wa kukaa kifuani kama ugali uliomezwa bila mboga.

Mimi na mwenzangu wote tunaandika visa vya kuchekesha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Vwawa. Yeye ana duka la vitenge Tunduma, karibu kabisa na mpaka, pale malori yanapolala foleni yakisubiri kuvuka. Mimi ni Mnyiha wa Mbozi, yeye ni Mnamwanga. Tulikutana sekondari ya wasichana, tukapewa kazi ya gazeti la ukutani. Mimi nilikuwa natunga vichekesho, yeye anabandika. Na huko kubandika kwenyewe alikuwa anabandika upande, mpaka wasomaji wanainamisha shingo. Leo hii ndiye anayesomwa na Wajerumani.

Vitabu vyetu vya kwanza vilitoka karibu pamoja. Changu kilikaa kwenye maduka ya madaftari ya Vwawa na Mlowo, kikapauka jalada kwa jua. Chake alikiweka dukani kwake katikati ya vitenge. Mgeni mmoja wa kanisa, Mjerumani, alikuwa anasubiri karatasi zake za kuvukia mpaka, akaingia dukani kuikimbia mvua, akakiona. Alikuwa anajua Kiswahili. Akasoma kurasa mbili palepale amesimama, akacheka, akaondoka nacho. Hivyo tu! Ndiyo ikawa njia ya Kijerumani, na Kijerumani kikavuta wenzake. Mimi nakaa Vwawa. Wazungu Vwawa wanapita, hawasimami.

Kisha redio moja ya hapa kwetu ikamwita studio. Nilikuwa napika, nikaongeza sauti kwa nia ya kumkosoa. Mtangazaji, kijana mwenye sauti ya kutafuna ubani, akamuuliza, "Sasa mama, wewe unajuaje kama kweli unapendwa?"

Mwenzangu akajibu kwa ile sauti yake ya taratibu, ya mtu anayepima kitenge. "Huko duniani mwandishi wa vichekesho hawampimi kwa nakala alizouza. Wanampima kwa lugha alizotafsiriwa. Nakala zinaweza kununuliwa na ndugu zako kwa kukuonea huruma. Lakini mtu wa mbali hawezi kuhangaika kukuhamishia kwenye lugha yake kama hajacheka."

Nikazima redio. Nikaiwasha tena, maana nilitaka kusikia kama atanitaja. Hakunitaja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa na akili. Msiba hata ukiutafsiri unabaki msiba. Mtu kafiwa na mama yake, popote duniani watamwelewa, watampa pole. Lakini kichekesho ni kama vifaranga kwenye boksi, ukiwasafirisha mbali unafungua unakuta nusu wamekufa. Kwa hiyo anayechekesha watu kwa lugha za mbali si mtu wa mchezo, na mimi kwa kuwa ni mtu wa kazi hiyohiyo nilikuwa nalijua hilo kuliko mtangazaji, kuliko wanawake wa Nakonde, kuliko hata yeye mwenyewe. Laiti ningekuwa sijui chochote ningelala vizuri.

Tangu siku hiyo nikawa mpimaji. Watoto wakienda kunywa uji, mimi nipo na simu. Nikagundua kumbe kweli kuna watu kazi yao ni kuangalia nani katafsiriwa mara nyingi kuliko nani, na wachekeshaji wamepangwa kama timu za mpira. Wapo wachora katuni wa nchi za baridi wametafsiriwa kwenye lugha ambazo sikujua kama ni lugha, nilidhani ni majina ya milima. Hao sikuwaonea wivu. Hawakusoma na mimi. Nikaandika jina la mwenzangu, akatokea, na jalada lake la Kifaransa lenye kuku mwekundu. Nikaandika jina langu. Simu ikaniuliza kama nilikuwa namaanisha mtu mwingine.

Sasa mtu ataniuliza, wewe mwanamke, una kazi, una mume, una afya, lugha za watu zinakuhusu nini? Zinanihusu kwa sababu ya mama yangu.

Mama anaishi upande wa Mbozi Mission, kwenye kahawa zetu, nyumba ileile tuliyozaliwa. Kiswahili anakijua. Anakitumia kanisani, hospitali, na kwa wanunuzi wa mahindi. Anasali kwa Kiswahili, tena kizuri. Ila kucheka anacheka kwa Kinyiha. Kicheko cha mama siyo kitu kidogo. Akicheka anashika goti la mtu wa karibu, anapiga, anasimama, anatembea hatua chache kama anatafuta mlango, anarudi, anaanza upya. Nikiwa mdogo nilikuwa naona mama mdogo wangu akimchekesha hivyo jikoni, nikasema moyoni, hii ndiyo kazi ninayoitaka. Kila nilichoandika maishani nimekiandika nikilitaka lile goti.

Kitabu changu kilipotoka nilimpelekea. Nikamsomea kisa nilichokiamini kuliko vyote. Mama akasikiliza amekunja mikono kama yuko ibadani. Nilipomaliza akasema, "Umeandika vizuri mwanangu. Mungu akutunze." Hivyo ndivyo anavyomwambia mchungaji baada ya mahubiri marefu. Nikakifunga kitabu, tukaongea habari za mbolea.

Mtu atasema, si ungeandika kwa Kinyiha? Jamani, sisi tuliolelewa na viboko vya shule. Kinyiha ukikutwa nacho darasani ulikuwa unavishwa kibao shingoni. Nikakua nikijua kwamba Kinyiha ni cha shambani na jikoni, cha kuandikwa ni Kiswahili. Hata ningetaka, nani angechapa? Kwa hiyo nikabaki na kitabu ambacho mama yangu anakiheshimu.

Basi siku moja, Jumamosi mchana, mwenzangu akaja kwangu. Kavaa kitenge cha bluu kipya, kanibebea kingine cha kijani.

"Mwalimu, hodi."

"Karibu, mwandishi wa dunia."

"Usianze," akasema, akakaa kwenye kochi kama nyumbani kwake. Hilo nalo linaniudhi, kwamba hajawahi kujisikia mgeni mahali popote. Nikamletea chai. Tukaulizana watoto, tukaulizana wagonjwa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kuna watu wanahimiza kusoma kwa lugha za kwetu," akasema. "Wanataka visa vyangu vitoke kwa Kinyiha. Waanze na kimoja kwanza, waone."

Kinyiha! Kijerumani achukue, Kifaransa achukue, Kibemba nimemwachia kwa kusaga meno. Na lugha ya mama yangu nayo?

"Hongera," nikasema.

"Nimewaambia kazi hiyo aifanye mmoja tu, na mmoja huyo ni wewe."

"Mimi nina madaftari ya kusahihisha."

"Mwalimu, acha hizo. Nani mwingine hapa anaweza kuchekesha kwa Kinyiha? Mimi mwenyewe kuchekesha ulinifundisha wewe kule shuleni."

Angalia mwanamke huyu. Angesema vibaya ningemfukuza. Kasema vizuri, nikakosa pa kushika. Nikamwambia nitafikiria. Akasema sawa, ila kama nitashindwa wamemtaja mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Namfahamu mzee huyo. Kinyiha chake ni cha mimbarini, akikueleza jinsi ya kuchemsha maharage unaweza kutubu. Hapo nilipaswa kufurahi. Visa vya mwenzangu vingefia mikononi mwa mzee, mama asingecheka, hesabu ingekuwa sawa. Lakini nikaona jina la mzee yule likichapwa ukurasa wa ndani, "kimetafsiriwa na," na wivu ukanigeukia upande huo. Kwamba hata mtafsiri awe mtu mwingine? Hapana. Nikamwambia aniachie.

Kisa alichoniachia ndicho kile maarufu, kilichowachekesha Wajerumani. Watu wawili wasiojuana wanaingia kwenye lifti ya jengo refu Dar es Salaam, lifti inakwama. Wote wawili wana adabu kupita kiasi. Kila mmoja anaona ni utovu wa heshima kubonyeza kengele kabla ya mwenzake. "Bonyeza wewe." "Hapana, tafadhali, wewe ni mkubwa." "Hata kidogo, wewe ulitangulia kuingia." Wanakaa humo mpaka wanafahamiana koo zao. Ni kisa kizuri. Nasema hivyo kwa maumivu.

Nikakitafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu wa polisi. Nikamsomea mwalimu mwenzangu wa Hisabati, Mnyiha wa Mlowo, mtu anayecheka hata tangazo la mazishi likikosewa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umeme ukikatika humo ndani inakuwaje?" akaniuliza.

"Ndiyo umekatika."

"Wana jenereta?"

"Mwalimu, ni kichekesho."

"Lakini hewa wanaipata wapi?"

Nilitoka ofisini nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Krismasi. Wallahi nilitembea kama bibi harusi. Kumbe na yeye anaweza kushindwa! Wajerumani wamecheka, Wafaransa wamecheka, Mbozi wameuliza habari za hewa. Nilikuwa naenda zangu kuituma kazi vilevile, neno kwa neno, isiyo na kosa lolote ambalo mtu angeweza kunilaumu, aone kwamba kwa Wanyiha hapiti.

Nikakaa siku kadhaa sijaituma. Kila nikiisoma inaniudhi. Siyo kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Mtu aliyezoea kupika hawezi kupakua chakula kisicho na chumvi hata kwa adui. Najua watu husema mambo kama haya ili waonekane wema. Mimi sikuwa mwema. Niliudhika tu kwamba kichekesho kimelala chini mbele yangu na mimi najua kinavyoweza kuinuliwa.

Nikafuta lifti.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani macho. Akimwona anakuja njiani anapisha, anaingia kwenye majani, anageuza uso, na mama naye anajifunika kanga anapita. Vijana wa siku hizi wanapigia wakwe zao simu na kutaniana nao, lakini wazee wa rika la mama bado wanapisha. Basi nikamweka mkwe mmoja mnono, amebeba mkungu wa ndizi, anakuja kwenye njia nyembamba katikati ya kahawa. Mbele anamwona mama mkwe wake anakuja na mbuzi. Anapisha haraka kwa heshima zote, na katika kupisha anatumbukia kwenye shimo la choo kipya, bado halijafunikwa, na mvua imenyesha.

Sasa yupo humo, matope kiunoni, ndizi kichwani. Mama mkwe amesikia kishindo. Kuchungulia hawezi, ni mkwe. Kuondoka hawezi, ni mtu. Anageuza mgongo, anamwambia mbuzi, "Mbuzi, hivi huyo aliyemo humo ameumia?" Na mkwe kutoka shimoni, naye hawezi kumjibu mama moja kwa moja, anajibu, "Mbuzi, mwambie anayeuliza kwamba niko salama, namshukuru." "Mbuzi, muulize kama anataka kamba." "Mbuzi, sema asijisumbue, hapa ni pazuri." Wakaendelea hivyo mpaka mbuzi akachoka na mazungumzo, akaanza kula ndizi. Na kwa kuwa mbuzi ndiye mjumbe, hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Niliandika hayo nikiwa nacheka peke yangu mezani. Mume wangu akapita akaniuliza nina nini. Nikamwambia natafsiri.

Nikampigia mwenzangu, maana haki ni haki. "Nimebadilisha kidogo."

"Badilisha tu. Kila mtafsiri hubadilisha."

"Wa Kijerumani alibadilisha?"

"Nitajuaje? Mimi Kijerumani sisomi." Akacheka. "Waliniambia watu wamecheka sana."

"Wamecheka sehemu ipi?"

Nikasikia dukani kwake mteja anauliza bei na yeye hamjibu. "Hilo hawakuniambia," akasema. "Walinitumia picha ya kitabu. Hata Wafaransa walinitumia picha. Mwalimu, mimi zaidi ya hawa wa Nakonde na yule Mjerumani wa mvua sijawahi kumsikia mtu akicheka. Nina picha tu."

Hapo palikuwa mahali pa kumwonea huruma. Nilipaona kabisa, kama unavyoliona dimbwi barabarani. Nikaliruka. Nilichowaza ni jambo jingine: kwamba huko Ujerumani pengine yupo mwanamke kama mimi, aliyekaa mezani akafuta lifti ya mwenzangu, akaweka kitu chake, na Wajerumani wakacheka kitu hicho. Na Ufaransa mwingine. Na jina moja tu juu ya jalada. Tunampimia mtu umaarufu kwa idadi ya wanawake waliojificha nyuma yake! Niliwaza hivyo nikajisikia vizuri, kisha nikajisikia vibaya, maana huenda wenzangu hao wala hawana wivu, huenda ni mimi peke yangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mama. Ilikuwa asubuhi ya jua zuri, msimu wa kahawa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kichanja, anachambua kahawa iliyokauka, mbovu anatupa chini kwa kuku ambao hawaitaki. Nikamwamkia, nikakaa upande wa pili, nikachambua naye. Baadaye nikatoa karatasi.

"Mama, nimekuletea kisa kwa Kinyiha."

"Umeandika wewe?"

Hapo ulimi uliniwasha. Lakini makubaliano ni makubaliano, juu ya karatasi palikuwa na jina la mwenzangu. "Ni cha yule rafiki yangu wa Tunduma. Mimi nimetafsiri."

"Yule wa vitenge! Yule mtoto mzuri. Haya, soma."

Nikaanza. Kwenye ndizi mama alitabasamu. Kwenye shimo akaacha kuchambua. Nilipofika "Mbuzi, sema asijisumbue, hapa ni pazuri," mama akashika goti langu. Goti langu mimi! Akalipiga, akalipiga tena, akasimama, akatembea kuelekea kwenye migomba kama anatafuta mlango, akarudi na machozi anayafuta kwa kanga, akasema, "Rudia hapo," nikarudia, akaondoka tena. Kuku wakakimbia. Mimi nikawa nacheka na kulia kwa pamoja. Miaka yote niliyoandika, kile kitu nilichokitaka kilikuwa kimefika, kimepiga goti langu mpaka linauma.

Mama akakaa, akavuta pumzi. "Rafiki yako ana akili," akasema. "Mnamwanga wa Tunduma kabisa, katujuaje sisi namna hii?"

Nikavumilia kwa muda wa mtu kumeza mate. "Mama, shimo nimeliweka mimi."

"Shimo gani?"

"Hilo la mkwe. Na mbuzi. Yeye aliandika chumba cha umeme cha Dar, kinapanda ghorofani. Mimi nikatoa, nikaweka mkwe."

Mama aliniangalia. Siyo kwa hasira. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa nakataa kwamba nimekojoa kitandani. "Mwanangu," akasema polepole, "acha kijicho. Mwenzio kajaliwa, na wewe umejaliwa yako. Kutafsiri nako ni kazi."

Nilitaka kufa. Nilitaka kumletea kitabu cha Kiswahili, nimfungulie ukurasa wa lifti, nimwonyeshe kwa kidole. Lakini mwanamke mzima kugombania na mama yake mbuzi wa kwenye karatasi, kweli? Nikachambua kahawa.

"Soma kingine," akasema.

Kingine hakikuwepo. Nilikuwa nimepewa kimoja. Lakini goti langu bado lilikuwa na joto la mkono wake, na nilikuwa na njaa ya hicho kitu. Nikageuza karatasi upande mweupe, nikaiinua mbele ya uso wangu, nikaanza kusoma mahali pasipo na neno.

Nikasoma kisa cha mwanamke mmoja anayeumia kwa sababu jirani yake anatembelewa na wageni wengi. Kila mgeni anayepiga hodi kwa jirani, yeye anamwona. Anaacha chungu jikoni kinaungua, anajificha kwenye mahindi kuwahesabu. Anawahesabu mpaka anawajua kwa viatu. Siku moja wageni wamekuja wengi, anasogea mbele ili asikosee hesabu, anasogea tena, mpaka anatokeza uani kwa jirani, majani ya mahindi yamemkwama nyweleni. Jirani anamwona, anafurahi, anamwambia, "Afadhali umekuja, nilikuwa sina wa kunisaidia," anampa birika. Na yule mwanamke anapita anawamiminia chai wale wageni wote, mmoja baada ya mwingine, wanamsifia, "Mama, chai yako tamu," naye anajibu, "Siyo yangu, ni ya mwenye nyumba," huku anakaribia kupasuka. Wageni wanasema, lo, mwanamke huyu ana unyenyekevu.

Mama hakusimama mara hii, alishindwa. Aliegemea kichanja, kahawa ikamwagika. "Namjua!" akawa anasema, "huyo mwanamke namjua kabisa, yuko kijiji gani?"

"Hayuko mbali, mama."

"Mpigie rafiki yako sasa hivi. Nataka nimshukuru mwenyewe."

"Atakuwa na wateja."

"Mpigie."

Nikapiga. Ningefanya nini? Nikaweka sauti ya wazi, nikaomba Mungu mtandao ukatike. Ulikuwa safi kuliko siku zote.

"Bwana asifiwe mwanangu," mama akasema kwa Kiswahili chake cha kanisani.

"Amina mama, shikamoo."

"Marahaba. Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma. Kile cha mkwe ni kizuri, lakini kile cha mwanamke mwenye wivu, anayejificha kwenye mahindi, akaishia kuwagawia chai wageni wa mwenzake! Uliwaza nini mwanangu?"

Niliangalia simu. Nilijua anachofanya: anatafuta kichwani kisa ambacho hajawahi kukiandika. Yeye si mjinga. Alipokuta hakipo, nilisikia pumzi yake inabadilika.

"Mama," akasema, taratibu kama anapima kitenge, "hicho siyo changu. Hicho kakitunga mwanao. Na huyo mkwe nadhani ni wake pia. Mimi niliandika habari za lifti."

Nilifumba macho. Nikasema, sasa. Sasa mama atanigeukia.

Mama aliweka mkono kifuani. Alitikisa kichwa taratibu, uso umelainika kabisa, macho yamemjaa tena machozi.

"Umesikia?" akaniambia kwa Kinyiha. "Umesikia mtu mwenye moyo? Kazi yake, jasho lake, na sifa anakupa wewe ili usijisikie vibaya. Jifunze kwa mwenzio, mwanangu."

Akanirudishia simu, akainama kuokota kahawa iliyomwagika.

"Mwalimu," mwenzangu akasema upande wa pili, sauti ndogo, "hicho cha mahindi ni kipi? Nisomee na mimi."

Nikamwambia chaji inaisha, nikakata.